KABURU ANATAFUTA BABU: NA SHAMBA JE?

Ndugu wanachama, siku hizi wako Makaburu wa Afrika ya Kusini walioingiwa na hamu ya kuwatafuta babu zao. Wanafungua vitabu vya ubatizo vya kanisa, wanasoma orodha za mabaharia wa ile Kampuni ya Kiholanzi ya zamani, na wenye nauli wanapanda ndege mpaka Uholanzi wakakione kijiji alikotoka babu. Wapo wanaorudi wakisema kwamba mji ni mzuri, lakini moyo haukusikia kitu, si kwao. Sisi hatumcheki mtu kwa kutafuta ukoo wake. Kwetu nani asiyefundishwa majina ya babu zake? Twasema tu ya kwamba safari hiyo imefichua uongo mkubwa, na waliousema uongo huo walivuna sana.

(Wazee wasichanganye mambo. Wadachi waliotutawala sisi walikuwa Wajerumani. Hawa twaowasema ni Waholanzi, na wajukuu wao ndio tunaowaita Makaburu, kwa neno lao wenyewe boer, maana yake mkulima.)

Jan van Riebeeck alitia nanga Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652. Waliomrithi walihubiri ya kwamba wao ni Ulaya iliyohamia Afrika, damu yao ni safi, na kwa hiyo kutawala ni haki yao. Mwaka 1950 wakatunga sheria ya kumwandika kila mtu kwa rangi yake, na mtu akiwa na mashaka, kalamu ya risasi ilichomekwa katika nywele zake waone kama itaanguka au itanasa! Kwa kalamu hiyo mume aliweza kutengwa na mkewe. Mkuu wa wahubiri hao, Hendrik Verwoerd, alizaliwa Amsterdam mwaka 1901. Huyo kweli hakuwa na haja ya kumtafuta babu mbali.

Lakini wengine je? Vitabu vyasema nini? Vyasema ya kwamba mwaka 1664 tabibu wa Kampuni, Pieter van Meerhof, alimwoa Krotoa, binti wa Kikhoi, wenyeji wa Rasi. Mumewe alipokwisha kufa, Wazungu wale wale walimfukuza mama huyo mpaka kisiwa cha Robben, ndiko alikofia mwaka 1674. Vyasema ya kwamba mwaka 1669 Arnoldus Basson alimwoa Ansela wa Bengal, aliyekuwa mtumwa. Watumwa waliletwa kutoka Bengal, Madagaska, Msumbiji na visiwa vya Indonesia, na wengi wakazaa na mabwana, kwa ndoa au kwa nguvu. J. A. Heese, mtu wa Makaburu wenyewe, aliandika mwaka 1971 ya kwamba asilimia 7 hivi ya asili yao haikutoka Ulaya. Anayekwenda kumtafuta babu wa Amsterdam anakutana njiani na bibi wa Bengal.

Hata lugha. Kikaburu, waliyosema ni lugha ya Wazungu, kilisemwa jikoni na watumwa, na Waislamu wa Rasi walikiandika kwa herufi za Kiarabu kama wazee wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili. Kitabu chao kimoja cha dini kilipigwa chapa Istanbul mwaka 1877.

Na huko Amsterdam anakokwenda mjukuu? Uko uwanja ulioitwa kwa jina la Pretorius, shujaa wa Makaburu. Mwaka 1978 Waholanzi waliufuta jina hilo, wakauita kwa jina la Steve Biko, aliyeuawa mwaka 1977 mikononi mwa polisi. Mgeni hana la kusema.

Sasa sikilizeni hoja mpya. Wako wanaosema: kwa kuwa sisi si Waholanzi, na bibi yetu alikuwa mtumwa, basi sisi ni Waafrika kama ninyi, acheni kelele za ardhi. Hoja hii ina nusu mbili, na tusizimeze pamoja.

Nusu ya kwanza twaikubali. Mwaka 1961 wako wabunge wa Tanganyika waliotaka uraia utolewe kwa rangi, na Mwalimu Nyerere akasema heri ajiuzulu. Msimamo huo ndio wetu. Na wale katika matawi yetu wanaotaka kumpima jirani kwa kaburi la babu yake, hao wanachomeka kalamu ile ile katika nywele, hata wakivaa shati la chama.

Nusu ya pili twaikataa kabisa. Bibi wa Bengal hafuti hati ya shamba. Sheria ya mwaka 1913 iliwaachia Waafrika asilimia 7 hivi ya ardhi ya Afrika ya Kusini. Hesabu ya serikali ya mwaka 2017 ilionyesha ya kwamba katika mashamba ya watu binafsi, asilimia 72 ni ya Wazungu. Mwaka 2025 serikali ilipotia sahihi sheria mpya ya kutwaa ardhi, kukapigwa yowe, na Marekani ikawapokea baadhi ya Makaburu ati wakimbizi. Hawakukimbilia kwa babu!

Jambo hili sisi hatulisomi gazetini tu. Makaburu walihamia Arusha na Meru baada ya vita yao na Waingereza iliyokwisha mwaka 1902. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwatoa Wameru 3,000 hivi Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa moto, ili walowezi wapate nafasi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakwenda kule kubishana juu ya asili ya mlowezi. Alikwenda kudai ardhi.

Kwa hiyo Kaburu akitujia na habari za babu yake, tutamkaribisha na kumsikiliza, kisha tutamwomba atuonyeshe hati ya shamba: iliandikwa mwaka gani, na waliokuwapo walipelekwa wapi.