Kiwanja cha Ndeke cha Kolwezi: Nani Ameshika Ufunguo?



Kila nyumba ina mlango, na kila mlango una mtu mwenye kushika ufunguo. Mgeni akipiga hodi, mwenye nyumba ndiye anayefungua, anayeuliza habari za safari, anayeonyesha kiti. Lakini ukiona nyumba ambamo mgeni anaingia na kutoka kwa ufunguo wake mwenyewe, na mwenye nyumba amesimama uani anaangalia tu, ujue nyumba hiyo ina mashaka, hata kama hati yake imeandikwa kwa jina la mwenye nyumba.

Leo tunataka kusema habari ya mlango mmoja wa jimbo letu la Lualaba: kiwanja cha ndeke cha Kolwezi. Si kiwanja kikubwa. Hakilingani na Ndjili ya Kinshasa, wala na Luano ya Lubumbashi. Lakini mambo yaliyopita hapo yanatosha kutufundisha uhuru ni nini, na kitu gani si uhuru.

Tuanze na mwanzo. Ndeke ziliingia katika inchi yetu mapema. Mwaka 1920 Wabelgiji walianza kurusha ndeke za kutua majini, zikifuata mto Kongo. Tarehe 12 Februari 1925 rubani Edmond Thieffry alitoka Brussels na wenzake, akafika Léopoldville tarehe 3 Aprili. Mwaka 1935 kampuni ya Sabena ikaanza safari za kawaida kati ya miji hiyo miwili. Wabelgiji walifurahi, na kweli kazi ile ilikuwa ya ushujaa. Lakini tuulize: ndani ya ndeke zile nani alikaa? Barua za serikali, wakubwa wa utawala, wakubwa wa makampuni. Mkongo aliikata njia msituni, akasawazisha udongo, akabeba mapipa ya mafuta. Kazi yake ikiisha, alirudi nyumbani kwa miguu.

Kolwezi yenyewe ilianzishwa mwaka 1937, kwa sababu Union Minière ilitaka mji wa kuongoza machimbo yake ya magharibi. Mji wa madini unazaliwa kwa hesabu: nyumba ngapi, watu wangapi, tani ngapi. Kila kitu kilichojengwa kilijengwa ili shaba itoke. Hatusemi hayo kwa chuki. Tunasema ili mtu asishangae kwa nini milango yetu mingi inafunguka upande wa inje tu.

Kisha vikaja vita. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya Uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Kiwanja cha Kolwezi kikageuka kambi ya ndeke za vita. Mwezi wa Septemba 1961 ndeke moja tu ya aina ya Fouga Magister, yenye rubani mgeni wa kulipwa, ilitumia kiwanja hiki na kulisumbua jeshi zima la ONU. Tarehe 29 Desemba 1962 ndeke za Sweden, zilizokuwa katika jeshi la ONU, zilikuja kuharibu ndeke za Katanga zilizosimama hapo. Mwezi wa Januari 1963 majeshi ya ONU yakaingia Kolwezi, na kujitenga kukaisha. Angalieni, ndugu: ndeke iliyoruka ilikuwa na mgeni, na ndeke iliyokuja kuipiga ilikuwa na mgeni. Sisi tulikuwa chini, tukilala katika mitaro.

Mara ya pili ilikuwa mwezi wa Mei 1978. Tarehe 13 wapiganaji wa FLNC waliotoka Angola waliushika mji pamoja na kiwanja. Askari wa miavuli wa Zaire walikuja wakakichukua tena kiwanja. Tarehe 19 askari wa Ufaransa waliruka kwa miavuli mjini, na kesho yake askari wa Ubelgiji wakatua. Katika siku chache Wazungu zaidi ya 2,000 walipandishwa ndeke, wakaondoka. Hatuwalaumu kwa kukimbia. Nani asiyekimbia kifo, naye ana watoto? Wazungu zaidi ya 100 waliuawa katika siku zile, na weusi waliokufa walikuwa mamia. Lakini kwa mwenyeji wa Kolwezi hakukuwa na ndeke. Mlango ulifunguliwa, wageni wakatoka, mlango ukafungwa. Mwenyeji alibaki ndani kuzika wafu wake.

Sasa mwingine atasema: «Hayo ni ya zamani. Tangu mwaka 1972 viwanja viko chini ya Régie des Voies Aériennes, shirika letu wenyewe. Kolwezi tangu mwaka 2015 ni mji mkuu wa jimbo. Mnataka nini zaidi?»

Tunajibu: karatasi ni nzuri, lakini karatasi haitui ndeke.

Kiwanja cha ndeke ni kazi ya kila siku, na ni kazi ngumu. Kolwezi iko juu, kadiri ya meta 1,500 kupita bahari. Hapo hewa ni nyepesi, na siku ya joto inazidi kuwa nyepesi. Bawa la ndeke linashikwa na hewa. Hewa ikiwa nyepesi, ndeke inahitaji mwendo mkubwa zaidi na njia ndefu zaidi kabla ya kuinuka. Ndiyo maana njia iliyotosha mahali pa chini inaweza kukosa kutosha kwetu. Tena ndeke inapenda kutua na kuruka ikielekea upepo. Njia yetu inalala kutoka mashariki kwenda magharibi, imegeuka kidogo upande wa kusini-mashariki, ambako upepo wa kiangazi unatoka.

Kisha hesabuni watu. Yuko anayeongea na marubani toka mnarani. Yuko anayepima upepo na mawingu. Yuko anayechunguza mafuta ya ndeke yasiwe na maji ndani. Wako wazima moto, ambao wanaweza kungoja mwaka mzima bila kuitwa, na siku wakiitwa wanahesabiwa kwa dakika. Yuko anayetembea juu ya njia asubuhi kuokota mawe na kufukuza mbuzi. Mmoja akiacha kazi yake, kazi ya wengine wote imekuwa bure.

Mnakumbuka yaliyotupata mwaka 1960? Siku ya Uhuru, Wakongo waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30. Wabelgiji wengi wa viwanja walipoondoka, ilibidi ONU ilete mafundi wa inje ili ndeke zisigongane. Tulipewa nyumba, lakini hakuna aliyekuwa ametufundisha kufungua kufuli.

Wengine wanasema tena: «Mambo ya ndeke ni ya matajiri. Sisi tunapanda lori na basi.» Ndugu, fikirini vizuri. Tarehe 8 Januari 1996, huko Ndolo, Kinshasa, ndeke ya mizigo ilishindwa kuinuka, ikapita mwisho wa njia, ikaingia sokoni. Watu zaidi ya 200 walikufa. Huko Goma, moto wa mlima Nyiragongo ulifunika sehemu ya njia ya ndeke mwezi wa Januari 2002. Njia ikabaki fupi, na miaka ikapita. Tarehe 15 Aprili 2008 ndeke ya abiria ilishindwa kuruka, ikaangukia mtaa wa Birere, wenye maduka na watu wengi. Mama aliyekuwa anauza mihogo sokoni Ndolo hakuwa na tikiti. Hakuwa amenunua kiti. Alilipa zaidi kuliko abiria wote.

Na kwetu Kolwezi, mwezi wa Novemba 2025, udongo na daraja la machimbo ya Kalando viliwaua wachimbaji zaidi ya 30. Siku chache baadaye ndeke iliyoleta ujumbe wa waziri wa madini ilitoka katika njia ilipokuwa inatua kiwanjani kwetu, ikashika moto. Tumshukuru Mungu, waliokuwamo walitoka salama. Sisi si wachunguzi, na hatusemi kosa lilikuwa la nani. Lakini katika juma moja tuliona kwamba hatari haichagui mwenye koti wala mwenye sururu.

Sasa tuje kwenye feza. Mwaka 2009 serikali ilianzisha ada ya Go-Pass: dola 10 kwa abiria wa safari ya ndani, dola 50 kwa anayekwenda inje. Iliambiwa kwamba feza hiyo ni ya kujenga na kutengeneza viwanja. Vema. Sisi hatukatai kulipa. Mtu anayetaka nyumba yake isivuje lazima anunue bati.

Lakini mimi ninayeandika ni karani katika kazi ya madini. Mapadri walinifundisha kitabu cha hesabu: feza iliyoingia inaandikwa upande wa kushoto, feza iliyotoka upande wa kuume, na jioni unaonyesha iliyobaki. Karani akikosa franka mia anaitwa ofisini kujieleza. Hiyo ni haki. Basi haki hiyo ipande juu pia. Abiria wa Kolwezi anaonyeshwa karatasi aliyolipia. Naye aonyeshwe kazi iliyofanywa na karatasi hiyo. Hatumwiti mtu mwizi. Tunaomba kitabu kifunguliwe, kwa sababu kitabu kilichofungwa kinamchafua hata mtu mwaminifu.

Kwa hiyo tunasema mambo manne.

La kwanza: hesabu ya Go-Pass iliyokusanywa Kolwezi, na hesabu ya kazi zilizofanywa hapo, zibandikwe ukutani mwa kiwanja kila mwezi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

La pili: njia, wazima moto na ua vitangulie. Nyumba ya abiria yenye vioo inapendeza kupigwa picha, lakini ndeke haitui juu ya vioo.

La tatu: vijana wa Lualaba wafundishwe kazi ya mnara, ya hali ya hewa, ya mashini na ya kuzima moto. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya umeyaweka karibu makampuni yote ya ndeke ya inchi yetu katika orodha ya yale yasiyoruhusiwa kuruka kwake. Wengine wanakasirikia orodha. Afadhali tukasirikie upungufu wa shule na wa ukaguzi. Orodha itajifuta yenyewe siku tutakapokuwa na vyote viwili.

La nne: kiwanja kiwatumikie watu wa jimbo, si wageni wa madini peke yao. Mgonjwa wa Kapanga, wa Sandoa au wa Dilolo, wakati wa mvua barabara ikiwa matope, naye ana haki ya mlango huu. Dawa na damu ya kuwekewa wagonjwa zinastahili nafasi katika ndeke kama sanduku la mhandisi.

Ndugu, hatuchukii wageni. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Aje mwenye kununua shaba, aje mwenye kununua kobalti, ambayo dunia inaipata kwetu kuliko mahali pengine popote. Lakini kwa miaka mingi mgeni amekuja, na mwenyeji bado hajapona. Methali imebaki na kipande kimoja.

Na sisi wenyewe tusikae uani. Ukilipa Go-Pass, dai karatasi yako na uitunze. Ukiona ua umebomolewa, usipitishe mbuzi wako hapo, peleka habari. Mwanao akipenda hesabu, usimwambie kwamba kazi ya mnara si ya watu kama sisi. Baba zetu waliambiwa hivyo, na tumeona gharama yake.

Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 ulitupa hati ya nyumba. Ufunguo hatukupewa pamoja nayo. Ufunguo unashikwa na mwenye kujua kazi na mwenye kuonyesha hesabu. Siku mtoto wa Kolwezi atakapoiongoza ndeke kutua kwetu usiku, na mama wa sokoni akalala bila hofu chini ya sauti yake, siku hiyo tutasema kwamba mlango ni wetu.