Anshi moja haitoshi



Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani, klarineti yetu ilinyamaza katikati ya wimbo. Watu walidhani mpulizaji ameogopa. Hapana. Anshi ilipasuka, yani kile kipande chembamba cha tete kinachotetemeka mdomoni na kutoa sauti. Tulifunga mpya haraka haraka, ikalia kama mlango mbovu.

Tuseme ukweli: kosa lilikuwa letu. Tulikuwa na anshi nne. Tatu tulizificha kwenye boksi, eti tusizimalize. Ile moja nzuri tukaipuliza kila siku mpaka ikafa.

Anshi ni mmea. Inakunywa maji, inavimba, inakauka. Ukiipuliza masaa mawili siku ya kwanza, inachoka kabla haijazoea. Sasa tunafanya hivi: tunailowesha kwa maji safi dakika moja au mbili. Siku ya kwanza tunapuliza dakika tano tu, pole pole, bila kupanda noti za juu. Kesho yake dakika kumi. Tunaongeza hivyo karibu wiki nzima. Tukimaliza tunaifuta na kuilaza juu ya kipande cha kioo, ikauke bila kujikunja. Tumeziandika kwa penseli 1, 2, 3, 4, na kila siku ni zamu ya nyingine. Anayejifunza naye awe na zake: anshi ni kama mswaki, haiazimwi.

Kuna wenzetu wanasema: "Mkimbizi leo yuko Giheke, kesho hajui atalala wapi. Wiki nzima ya kuzoeza kipande cha tete ni ya nini?" Sisi tunaona kinyume. Asiyejua kesho ndo anapaswa kuwa na nne tayari. Zinaingia mfukoni, hata safari ikiwa ya usiku. Akiba haiozi.

Na ninyi wa mashirika, asante kwa vyombo. Lakini klarineti bila anshi ni bomba tu, na hapa Giheke hatujaona duka linaloziuza. Mkileta chombo, leteni na anshi za kutosha, zile laini za namba 2 kwa wanaoanza.

Juni ijayo tutapiga tena. Moja ikipasuka, ya pili itakuwa imeshazoea mdomo, na wimbo utafika mwisho.