Kuitazama Tena Sinema Kongwe: Rai kwa Wanafasihi wa Kiswahili

Ipo dhana iliyokita mizizi katika madarasa yetu ya fasihi kwamba sinema ni burudani ya mwisho wa juma, na kwamba mwanafunzi anayejifungia chumbani akitazama filamu ya Kijapani ya mwaka 1957 amezikimbia riwaya zilizomo katika silabasi. Dhana hii hutolewa kwa mzaha, lakini ina athari zake. Tamthilia tunaisoma kalamu ikiwa mkononi. Shairi tunalirudia mara tano ili tuuone urari wa vina na mizani. Ila sinema, hata iwe bora namna gani, tunaitazama mara moja, tunacheka au kuhuzunika, kisha tunaifuta ili tupate nafasi ya nyingine. Makala haya yanashikilia kwamba mwanafasihi wa Kiswahili anapaswa kuzirudia sinema kongwe za kigeni akiwa nyumbani, kwa utulivu ule ule anaoutumia kuisoma diwani, na kwamba asipoanza sasa yapo mambo yatakayompotea kabisa, mengine yakiwa ya huko ugenini na mengine yakiwa yetu wenyewe.

Hebu tuanze na ala yenyewe. Wakati ambapo sinema ilionyeshwa ukumbini pekee, tuseme Shan kule Ngara au Naaz kule Mombasa, mtazamaji hakuwa na mamlaka yoyote juu yake. Picha ilipita na ikishapita imepita. Deki na kanda za VHS zilipoingia majumbani, zikafuatwa na diski za VCD na DVD, uhusiano huo ulibadilika. Mtazamaji aliweza kuisimamisha picha, akairudisha nyuma, akalitazama tena tukio moja hadi likamkolea. Hapo ndipo sinema ilipofanana na kitabu. Wengi wetu tuliipata elimu hiyo kupitia diski za magendo zilizouzwa mjini Nairobi kwa shilingi 50, nane ndani ya moja, zenye majalada yasiyolingana na kilichomo. Sizitetei. Nasema tu kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa maktaba, kwa kuwa nyingine haikuwapo.

Chukua mfano wa Kumonosu-jō, filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka 1957 ambayo kwa Kiingereza inajulikana kama Throne of Blood. Hiyo ni Macbeth ya Shakespeare iliyohamishiwa Japani ya vita vya makabaila. Msomaji wa Kiswahili tayari anayo Makbeth ya Samuel Mushi, tafsiri iliyochapishwa nchini Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1960, katika kipindi kile kile Mwalimu Nyerere alipotuletea Mabepari wa Venisi (1969). Tukiziweka kazi hizi mbili pamoja tunapata somo la tafsiri ambalo sijaliona likitolewa kikamilifu na kitabu chochote cha nadharia. Mushi alifanya kazi ya kuyasaka maneno. Kurosawa aliyaacha yote. Hakuna mstari hata mmoja wa Shakespeare uliosalia katika filamu ile, na bado hakuna anayeitazama akakosa kuitambua hadithi.

Itazame kwa makini sehemu ya mauaji ya mtawala. Bi Asaji, mke wa shujaa Washizu, anaigizwa na Isuzu Yamada, uso wake ukiwa umepambwa ufanane na kinyago cha maigizo ya jadi ya Noh. Ananyanyuka, anauingia mlango wa chumba chenye giza totoro, anamezwa na giza hilo, kisha anatokeza tena akiwa amebeba chombo cha pombe iliyotiwa dawa ya kuwalevya walinzi. Hatamki neno. Kinachosikika ni hariri ya vazi lake ikikwaruza sakafu. Mauaji yenyewe hatuyaoni. Washizu anarudi na mkuki wenye damu, ameganda kama gogo, na ni mkewe anayelazimika kuung'oa kutoka mikononi mwake. Nimeirudia sehemu hii mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara nimejiuliza ni kwa nini tunapofundisha tamthilia tunawahesabia wanafunzi mazungumzo pekee, tukiyaruka maelekezo ya jukwaani kana kwamba ni vumbi. Kimya nacho ni matini. Yeyote aliyewahi kukaa matangani anakijua kimya cha namna hiyo na uzito wake.

Jambo jingine linaloonekana kwa kurudia ni umbo la masimulizi. Filamu inaanza kwa kiitikio cha waimbaji wasioonekana, ukungu ukiwa umelifunika eneo palipokuwa na ngome, na mwishoni kiitikio hicho kinarudi. Msomaji wa tendi zetu atajiona yuko nyumbani, kwa maana mtunzi wa utenzi naye hafungui hadithi kabla ya kumtayarisha msikilizaji kuhusu atakayoyakuta. Pia wachawi watatu wa Shakespeare wamekuwa mzimu mmoja wa msituni unaosokota uzi, na Washizu hauawi na adui bali na mishale ya askari wake mwenyewe. (Mishale ile ilikuwa ya kweli, ikirushwa na wapiga upinde stadi, na hofu tunayoiona usoni mwa mwigizaji Toshiro Mifune haikuhitaji uigizaji mwingi.)

Sasa nije kwa jambo linalotuhusu zaidi. Akira Kurosawa alikuwa na kaka yake aliyeitwa Heigo. Katika enzi ya sinema bubu, Japani ilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, ambao walisimama kando ya kitambaa cha picha wakaisimulia filamu, wakawaigizia wahusika sauti na kuwafafanulia hadhira mambo ya kigeni. Heigo alikuwa mmoja wao. Sinema zenye sauti zilipofika, kazi hiyo ilikufa. Benshi waligoma, Heigo akiwa miongoni mwa viongozi wa mgomo, lakini mgomo ukashindwa. Mwaka 1933 alijiua.

Hatuna haja ya kwenda mbali kumtafuta benshi wetu. Dar es Salaam ilikuwa naye Derek Mukandala, maarufu kama Kapteni Lufufu, aliyeweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za Kimarekani, Kihindi na za mashariki ya Asia na kuzitoa katika kanda za VHS zilizoonyeshwa katika vibanda vya video. Kenya inaye DJ Afro, ambaye sauti yake inajulikana hata na wasioujua uso wake, akisimulia filamu za mapigano na za Kihindi kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng. Wasimulizi hawa hawatafsiri tu. Wanawapa wahusika majina mapya, wanawatania, wanawaonya, wanalikatiza tukio ili waeleze desturi fulani, wanaiita hadhira iitikie. Kila sifa ya fanani tunayoikariri katika kozi ya fasihi simulizi inapatikana hapo: ubunaji wa papo kwa papo, utegemezi wa hadhira, matumizi ya taharuki, uwezo wa kurefusha na kufupisha. Hata hivyo tunawatuma wanafunzi vijijini wakamtafute bibi wa kuwatambia ngano, ilhali kibanda kilicho mkabala na lango la chuo kimejaa hadhira inayotambiwa kila jioni.

Wapo watakaosema kwamba wasimulizi hawa wanaiharibu lugha na kuipotosha filamu. Kuhusu lugha, sina la kuongeza. Sheng imekwisha kujadiliwa hadi ikachosha. Kuhusu upotoshaji wana hoja, na ninakubaliana nao nusu. Sholay ya mwaka 1975, yenye nyimbo, majambazi na visa vya saa tatu na ushei, inaustahimili usimulizi wa kibandani vizuri kabisa na pengine inanenepeshwa nao. Lakini mweke msimulizi katika ile sehemu ya Bi Asaji na giza lake, naye atakiua kile kimya ambacho ndicho maana yenyewe. Isitoshe, dhihaka nyingi za vibandani zinaelekezwa kwa wahusika wa kike, na mhakiki anayejali hawezi kulifumbia macho hilo kwa kisingizio cha ucheshi. Haya yote ni maswali ya uhakiki. Hayawezi kuulizwa iwapo kanda zenyewe hazipo.

Nazo zinatoweka. Utepe wa VHS unaoza hata usipoguswa, hasa katika joto na unyevu wa pwani. Kompyuta zinazouzwa siku hizi hazina tena mahali pa kutia diski. Huduma za kulipia filamu kwa intaneti huiondoa filamu siku mkataba unapokwisha, bila kumuuliza mtu. Sinema kubwa za dunia zina walezi: Martin Scorsese aliasisi mwaka 2007 mradi wa kuziokoa filamu za nchi zilizosahauliwa, na Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty ya mwaka 1973 ilirekebishwa chini ya mradi huo. Kanda ya Lufufu haina mlezi. Picha iliyomo ni ya Hong Kong au ya Bombay na ina wenyewe wa kuitunza. Sauti ni yetu, na hiyo ndiyo itakayofutika.

Tumewahi kuwa makini zaidi katika kupokea vya wageni, nasi tukavifanya vyetu. Filamu za Kihindi zilizoonyeshwa Mombasa na Unguja ziliacha alama katika taarabu, na marehemu Juma Bhalo alijulikana kwa kuyatia mashairi ya Kimvita katika mahadhi ya Kihindi. Mshairi wa aina hiyo hakuisikia filamu mara moja akaondoka. Aliirudia hadi wimbo ukampangia mizani.

Filamu ambayo ningependa kila mwanafunzi wa Kiswahili aitazame, na aitazame mara mbili, ni Mandabi ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1968. Sembène alikuwa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa kabla ya kwenda Moscow kusomea sinema, kwa sababu alitambua kwamba watu aliowaandikia hawakuweza kumsoma. Borom Sarret (1963) ilikuwa fupi na ilisema Kifaransa. Mandabi ndiyo iliyowafanya wahusika wazungumze Kiwolof. Sisi tunaolitaja jina la Ngũgĩ wa Thiong'o na tukio la Kamĩrĩĩthũ la mwaka 1977 kila tunapojadili lugha ya fasihi ya Kiafrika, ni ajabu kwamba hatumtaji Sembène aliyetangulia kwa karibu mwongo mmoja.

Kisa chake ni chepesi. Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi mwenye wake wawili, anatumiwa faranga 25,000 na mpwa wake anayefagia barabara mjini Paris. Elfu 20 ni za kuwekewa mpwa huyo, elfu tatu za mama yake, elfu mbili za Dieng. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa na picha. Cheti kinataka tarehe ambayo mzee haijui. Wakati huo majirani wamekwisha kusikia, wenye duka wanakopesha kwa tamaa, na fedha ambazo hazijaguswa zinaliwa kwa mdomo. Kuna mtu mmoja msomi, mwenye suti, anayejitolea kumsaidia, na ndiye anayezitwaa kwa hila. Msomaji aliyezaliwa Garissa, Kwale au Kibra, na ambaye jamaa zake wamewahi kuzungushwa kwa ajili ya kitambulisho, hatahitaji mhadhara kuhusu maudhui. Mara ya pili ndipo atakapoona kwamba Dieng si malaika: anavyowakaripia wake zake, anavyojivuna na kanzu yake pana, na anavyonyolewa polepole mwanzoni kama mtu ambaye dunia inamsubiri.

Filamu hii ilirekebishwa na kutolewa upya kwa diski mwaka 2021, picha ikiwa safi. Maandishi yanayopita chini ya kioo ni ya Kiingereza. Ndiyo kusema kazi iliyotungwa makusudi ili kukikwepa Kifaransa inatufikia sisi kupitia kwa Kiingereza. Pendekezo langu kwa idara na kwa chama chetu ni la vitendo. Kozi ya tafsiri iache kuwapa wanafunzi tahariri za magazeti mwaka baada ya mwaka. Wapewe filamu ya dakika 90, waiandikie maandishi ya Kiswahili, wajifunze kuibana kauli ndefu katika mistari miwili ambayo jicho litaweza kuisoma kabla ya picha kuhama. Ruhusa ya wenye haki iombwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Na kozi ya fasihi simulizi ikusanye kanda za wasimulizi wa vibandani, izinakili katika kompyuta, iandike msimulizi ni nani na kanda ilipatikana wapi.

Kazi itaanza kwa ugumu katika jina lenyewe. Mandabi ni neno la Kiwolof lililokopwa kutoka Kifaransa, nasi tuna hawala ya posta, istilahi sahihi kabisa. Lakini kijana aliyekua baada ya M-Pesa kuanzishwa mwaka 2007 hajawahi kuiona hawala ya posta, na akilisikia neno hawala atayafikiria maduka ya Eastleigh ya kutuma fedha Mogadishu. Hundi nayo itampeleka benki. Mimi ningeiacha hawala na kumwachia mtazamaji alitambue neno kutokana na karatasi aliyoishika Dieng, lakini wenzangu wawili niliowauliza wanapinga vikali, na mmoja wao anataka iitwe Pesa za Paris.