Jina Lilitajwa Mara Sita

Ndugu msomaji, ni mzigo mzito mtu kuifanya kazi yake vyema, jina lake likatajwa miongoni mwa walio bora, kisha zawadi akapewa mwingine. Mara ya kwanza hujipa moyo. Mara ya pili huanza kunung'unika. Je, ikiwa ni mara sita? Ndivyo alivyofikwa Bibi Deborah Kerr, mwigizaji mashuhuri wa Uskoti. Kwa filamu zake za kati ya mwaka 1949 na 1960 alipendekezwa mara sita kupewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike, na mara zote sita akaikosa.

Bibi Kerr alizaliwa Glasgow tarehe 30 Septemba, 1921. Fani yake ya kwanza haikuwa uigizaji, bali balee, na mwaka 1938 alicheza na kundi la Sadler's Wells jijini London. Hakudumu huko. Akahamia kwenye michezo ya kuigiza, akianza na sehemu ndogo ndogo katika tamthilia za Shakespeare zilizochezwa bustanini, Regent's Park. Mwaka 1943, katika filamu ya "The Life and Death of Colonel Blimp", aliigiza wanawake watatu tofauti. Mwaka 1947 akawa mkuu wa masista katika "Black Narcissus", na Hollywood ikamwita.

Huko, ndugu msomaji, ndiko ulikokuwa mtego. Kampuni ya MGM ilimlipa na kumtunza, lakini ilimwona kuwa ni bibi mstaarabu tu, mwenye mavazi safi na sauti ya upole. Hata alipoletwa pande zetu kwa ajili ya "King Solomon's Mines", filamu ya mwaka 1950 iliyopigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, kazi yake ilikuwa ile ile: bibi wa Kiingereza akimfuata mwindaji porini. Filamu ilisifiwa kwa picha zake, ikapata Oscar ya upigaji picha. Yeye alibaki pale pale alipowekwa.

Angaliweza kuridhika. Hakuridhika. Joan Crawford alipojitoa katika "From Here to Eternity" ya mwaka 1953, Bibi Kerr aliichukua nafasi hiyo ambayo wengi hawakudhani inamfaa: mke wa kapteni wa jeshi huko Hawaii, mwanamke mwenye uchungu anayelitafuta pendo nje ya ndoa yake. Watazamaji walishangaa. Mwaka huo huo alipanda jukwaani Broadway, mjini New York, katika "Tea and Sympathy", chini ya uongozi wa Elia Kazan, akicheza mke wa mwalimu anayemtetea kijana anayedharauliwa na wenzake. Oscar ya mwaka ule ilikwenda kwa Audrey Hepburn.

Yakafuata mapendekezo mengine, pamoja na la "The King and I" ya mwaka 1956, na la mwisho kwa "The Sundowners" ya mwaka 1960, ambamo alikuwa mke wa mchunga kondoo wa Australia, hana makazi ya kudumu wala pambo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliipa sinema kisogo, akarudi jukwaani. Mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 72, alipewa Oscar ya heshima kwa kazi ya maisha yake. Alifariki tarehe 16 Oktoba, 2007.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini tuangalie vizuri ni kipi alichokikubali mama huyu. Alikubali kuikosa zawadi, kwa maana zawadi imo mikononi mwa wengine. Hakukubali kupangiwa na wengine mwisho wa uwezo wake. Zawadi ikichelewa, kazi haipungui thamani. Mfanyakazi anayeridhika na kisanduku alichowekewa, huyo ndiye hupungua.