Tuinue Mguu: Kiswahili na Tiba ya Viungo kwa Wazee wa Matayos

Neno bodaboda, ambalo limekwisha kuenea Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa hapa mpakani Busia katika miaka ya 1960, waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha wasafiri na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka. Leo baiskeli imeiachia pikipiki nafasi, na pikipiki hiyo ndiyo inayomfikisha mzee wa Busibwabo au Mayenje katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Busia. Hebu msomaji atafakari kinaya kilichopo: mzee aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi amebanwa kati ya dereva na mjukuu wake, anarushwarushwa na mashimo ya barabara, ili akafundishwe kusimama! Wiki ifuatayo nauli hakuna. Ilhali tiba ya viungo ni tiba ya marudio; zoezi linalofanywa mara moja kwa mwezi halimrejeshei mtu nguvu za mguu.

Kwa hivyo naunga mkono mazoezi ya pamoja kwa njia ya simu: mtaalamu mmoja akiwa hospitalini, wazee sita au wanane wakiwa majumbani mwao, kila mmoja na kiti kilichoegemezwa ukutani na mtu wa kumshika asianguke. Wapo watakaoiona kuwa ndoto ya mchana. Hata hivyo, Wajapani walianza kufanya mazoezi ya viungo kwa kufuata sauti ya redio mwaka 1928, na wazee wao wangali wanayafanya. Nchini New Zealand, Chuo Kikuu cha Otago kilibuni mazoezi ya kumwimarisha mzee nyumbani asiangukeanguke, ambapo mtaalamu humtembelea mara chache tu, kisha humfuatilia kwa simu. Aidha, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020, yaliyojumuisha majaribio 22 kuhusu waliougua kiharusi, hayakuonyesha kwamba waliohudumiwa kwa mbali walibaki nyuma sana ya wenzao, ingawa ushahidi wenyewe bado si mzito. Kenya nayo ina Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023, pamoja na wahudumu wa afya ya jamii waliozinduliwa rasmi Septemba mwaka huohuo. Kwa maoni yangu, mitambo si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni lugha.

Hospitalini mtaalamu hugusa goti la mgonjwa, na mkono wake unamaliza maelezo. Kwenye simu, hasa simu ya kabambe isiyo na picha, mkono haupo, limebaki neno. Mtaalamu akisema "inua mguu", mzee ainue nini? Katika Kiswahili mguu huanzia nyongani ukaishia vidoleni. Mmoja atainua paja, mwingine wayo, na wa tatu atanyoosha goti. Mkono vilevile ni kiganja, kigasha na bega kwa pamoja. Tunayo maneno ya kuondoa utata huu, yaani nyonga, paja, goti, ugoko, kifundo, kisigino, lakini ni nani aliyeketi na wataalamu wa tiba akayapanga kwa utaratibu wa mazoezi? Mofolojia yetu yenyewe ni hazina: kunja na kunjua, inama na inuka, fumba na fumbua ni jozi za mazoezi zilizokwisha kutungwa kabla ya hospitali kujengwa.

Lipo pia suala la adabu. Kijana wa miaka 26 hamwamrishi nyanya yake "Simama!" hata akiwa na shahada. Atasema "Nyanya, usimame taratibu", na bora zaidi, "Tusimame." Dhamiri hii tegemezi ya nafsi ya kwanza wingi inabeba mambo mawili kwa mpigo: inamwondolea mzee fedheha ya kuamrishwa, na inamjulisha kuwa hayuko peke yake. Hapo ndipo kundi linapozaliwa, maana wenzake hawaoni. (Kuhesabu kwa pamoja, hata hivyo, kusijaribiwe, sauti za simu huchelewa, na "moja" ya huyu itagongana na "tatu" ya yule.)

Kuna watakaohoji: kwa nini Kiswahili, na si Olukhayo? Hoja hii ina uzito, hasa kwa mgonjwa ambaye kiharusi kimemvurugia usemi na lugha ya mama ndiyo iliyomsalia. Huyo ahudumiwe kwayo, peke yake ikibidi. Lakini Matayos ya leo, kwa kuwa imebeba mji wa mpakani, ina Mkhayo, Mteso, Msamia na Mjaluo, na kundi likigawanywa kwa makabila mtaalamu mmoja hatatosha. Hata jina la huduma hii halijatulia. Tanzania husema utengamao. Sisi husema urekebishaji, neno linalomkumbusha Mkenya magereza na waraibu wa dawa za kulevya. Mimi naona tuazime utengamao bila kuona haya.

Idara zetu hupokea kila mwaka tasnifu nyingi juu ya wahusika wa riwaya zilezile. Mwanafunzi mmoja wa isimu na mmoja wa tiba ya viungo wanaweza kuandika maelekezo ya mazoezi kumi, wayasome kwa simu kwa wazee wachache wa Busibwabo, na mtu aliye pale chumbani aandike ni kiungo gani hasa kilichoinuliwa.