Barafu ya Kuogea: Tuitengeneze kwa Gharama Ndogo, Tuitumie kwa Akili

Vijana wetu wanaocheza mpira na wanaokimbia mbio ndefu wamewaona wanamichezo wa Ulaya na Marekani wakijitumbukiza katika maji ya barafu baada ya mashindano. Sasa nao wanataka. Wengine wanafikiria kununua mashine ya kutengeneza barafu, wengine wanajaza friza ya mama ndoo kwa ndoo, na mama anashangaa kuona umeme wa Luku uliotosha wiki mbili umekwisha siku ya tisa. Tumeombwa kusema kama inawezekana kuipata barafu hiyo nyumbani bila kuitia familia hasara. Sisi tunaona inawezekana. Lakini barafu inayohitajika ni ndogo kuliko vijana wanavyodhani, na siku za kuihitaji ni chache zaidi.

Kwanza tujue faida yake. Mwaka 2012 wataalamu walikusanya majaribio 17 madogo yaliyohusu watu 366, wakaona kwamba kukaa katika maji baridi baada ya mazoezi hupunguza maumivu ya misuli siku zinazofuata, ukilinganisha na kupumzika tu. Hiyo ni faida ya kweli, hasa kwa mtu mwenye mechi Jumamosi na nyingine Jumapili. Lakini mwaka 2015 jaribio jingine lilifuatilia wanaume 21 waliofanya mazoezi ya kujenga nguvu kwa wiki 12. Wale waliokuwa wakiingia katika maji ya nyuzi 10 kwa dakika 10 kila baada ya mazoezi walipata misuli midogo na nguvu kidogo kuliko wenzao. Kwa hiyo kijana anayebeba vyuma ili apate kifua, kisha akakimbilia barafu kila jioni, anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mkono wa pili. Barafu imfae wakati wa mashindano, si kila siku.

Wala jambo hili si geni. Padre Sebastian Kneipp wa Bavaria, aliyezaliwa mwaka 1821 katika familia ya mfumaji maskini, aliugua mapafu akiwa mwanafunzi. Mwaka 1849 alianza kwenda mto Danube wakati wa baridi kali. Alifika akiwa amepata joto kwa kukimbia, akazama kwa sekunde chache tu, akavaa, akakimbia kurudi. Alipona, akapadrishwa mwaka 1852, na kitabu chake cha tiba ya maji cha mwaka 1886 kilisomwa na watu wengi mno. Hatudai kwamba maji yanaponya kifua kikuu. Mwenye kikohozi cha wiki mbili aende kupimwa makohozi, na dawa zipo. Tunamtaja kwa sababu ya kiasi chake. Padre Kneipp hakujisifu kwa kukaa muda mrefu ndani ya maji, na kadiri alivyozeeka ndivyo alivyowapunguzia wagonjwa wake ukali wa baridi. Vijana wa leo wanashindana nani atatetemeka zaidi. Hapo hatupo pamoja nao.

Sasa tufike kwenye hesabu, maana ndiyo inayookoa fedha. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hupoza lita 80 za maji kwa nyuzi moja, au lita 8 kwa nyuzi kumi. Chukua pipa lenye maji lita 100. Huku pwani maji ya bomba yana nyuzi 28 hivi. Ukitaka yafike nyuzi 15, ambazo zinatosha kabisa, unahitaji karibu kilo 14 za barafu. Friza nzuri hugandisha kilo 8 hadi 10 kwa uniti moja ya umeme. Friza kuukuu yenye mpira wa mlango uliolegea itafanya nusu ya kazi hiyo. Tuseme uniti ni shilingi 350. Barafu ya pipa moja itakugharimu kati ya shilingi 500 na 1,200 hivi za umeme, mbali na ule ambao friza ingetumia kwa kawaida. Si mzigo mkubwa ukifanya mara moja kwa wiki. Ukifanya kila siku, hesabu mwenyewe mwisho wa mwezi. Tena nyumba zilizo katika kundi la matumizi madogo, zinazouziwa umeme kwa bei nafuu, ziangalie zisivuke kikomo chao kwa sababu ya barafu ya miguu ya kijana mmoja.

Na hapo tumesema miguu kwa makusudi. Mchezaji na mkimbiaji huumia miguu. Kuna haja gani ya kumzamisha mpaka shingoni? Diaba lenye lita 30 linatosha kuloweka miguu, akiwa ameketi juu ya kigoda. Maji hayo ya diaba yanataka kilo nne tu za barafu kufika nyuzi 15. Kilo nne friji yoyote ya nyumbani inaweza kuzitoa kwa siku mbili au tatu bila kuharibu nyama na maziwa yaliyomo. Huu ndio ushauri wetu mkubwa kwa mwenye kipato kidogo, na kwa moyo pia ni salama zaidi.

Namna ya kuitengeneza ni hii. Chukua chupa za plastiki za maji za lita moja na nusu, zioshe, zijaze lakini uache nafasi ya vidole vitatu juu, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na chupa iliyojaa hupasuka. Zigandishe usiku, wakati mlango haufunguliwi ovyo. Usiweke maji ya moto au yaliyokaa juani. Yaache yapoe kwanza kivulini. Weka chupa mbili au tatu tu kwa siku, ukilimbikiza tangu Jumatatu mpaka Ijumaa. Siku ya kutumia zitumbukize zikiwa zimefungwa. Hupoza polepole kidogo kuliko barafu tupu, hivyo zitangulie nusu saa na uyakoroge maji, lakini ukimaliza unazirudisha kugandishwa tena bila kupoteza maji hata tone. Kwa mitaa ambayo maji hununuliwa kwa dumu, hilo si jambo dogo. Kuna faida nyingine: friza iliyojaa chupa za barafu hutunza ubaridi muda mrefu umeme unapokatika.

Mwenye friza kubwa anaweza kugandisha mabonge katika makopo au ndoo ndogo. Bonge kubwa huchelewa kuyeyuka, kwa hiyo ligandishwe kubwa, lipondwe dakika ya mwisho. Likisafirishwa lizungushiwe gunia na vumbi la mbao kutoka kwa seremala. Tusidharau vumbi hilo. Mwaka 1833 mfanyabiashara Frederic Tudor wa Boston alipakia tani 180 za barafu melini, ikasafiri miezi minne hadi Calcutta huko India, na tani kama 100 zikafika zikiwa bado barafu. Biashara hiyo ilijengwa juu ya vumbi la mbao na maranda, hakukuwa na friza.

Wasomaji wetu wa Njombe, Makete, Lushoto na Mbulu huenda wanatucheka. Ni kweli, mwezi wa Juni na Julai wao hawana haja ya friza; maji yaliyolala nje usiku yanatosha. Wa Dodoma na Singida wakati wa kiangazi waweke maji katika mitungi ya udongo mahali penye upepo. Yatapoa kwa nyuzi kadhaa bila senti moja, na barafu itakayoongezwa itakuwa chache. Pwani mtungi hausaidii sana kwa sababu ya unyevu wa hewa. Walio kandokando ya Ziwa Victoria tunawaomba wasijiloweke ziwani wala katika vijito kwa jina la mazoezi: kichocho hakijali kwamba wewe ni mwanamichezo.

Yapo mambo ambayo hatuwezi kuyavumilia. Moja ni kugeuza friza kuukuu kuwa bafu, mtu akaingia ndani yake ingali imeunganishwa na umeme. Maji, chuma na umeme havikai pamoja. Huo ni mtego wa kifo. Jingine ni kutia chumvi kwenye barafu ili iwe kali zaidi. Wale wanaotengeneza aiskrimu kwa mkono wanajua kwamba barafu na chumvi hushuka chini ya sifuri kwa nyuzi nyingi, na mchanganyiko huo huunguza ngozi kama moto. Barafu iliyogandishwa kwa maji yasiyochemshwa isiingie kwenye juisi, kwani kuganda hakuui vijidudu vya kipindupindu. Na friji yenye insulini ya mgonjwa isijazwe maji ya kugandisha, wala friji ya chanjo ya zahanati isiguswe hata na mjukuu wa mganga mkuu. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, zaidi ya hapo au chini ya hapo huharibika.

Mtu anayezama ghafla katika maji baridi hutweta bila kutaka, moyo hupiga mbio na presha hupanda katika dakika ya kwanza. Ndiyo maana asiingie peke yake, asijirushe, asizamishe kichwa, na asikae zaidi ya dakika 10. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya kupanda, pumu, kifafa, au kisukari kilichokwisha kufa ganzi miguu, pamoja na mama mjamzito, waachane na jambo hili. Wenye selimundu tunawakataza kabisa: baridi ni mojawapo ya vitu vinavyowaletea yale maumivu makali ya mifupa, na katika nchi yetu watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo ni wengi. Kocha anayeamuru timu nzima iingie kwenye pipa bila kuuliza nani ana selimundu anafanya kosa kubwa.

Na akina mama watusikilize kwa makini. Mtoto mwenye homa kali asiwekwe katika maji ya barafu hata kidogo. Baridi humtetemesha, na kutetemeka huongeza joto la ndani. Huyo anahitaji kupimwa malaria siku hiyohiyo, si diaba la barafu.

Kuna mgonjwa mmoja tu ambaye kwake barafu ni dawa ya kuokoa maisha. Ni yule aliyekimbia au kufanya kazi nzito juani, akaanza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka au kuzimia, na mwili wake unawaka. Hicho ni kiharusi cha joto. Anaweza kuwa bado anatokwa jasho, watu wakadhani amechoka tu. Katika mbio za Falmouth, jimbo la Massachusetts huko Marekani, zinazofanyika mwezi wa Agosti, wagonjwa 274 wa namna hii walizamishwa katika maji ya barafu palepale kwenye hema la huduma, katika muda wa miaka 18. Hakufa hata mmoja. Kwa maoni yetu, kila parokia inayoandaa mbio au bonanza la vijana katika miezi ya joto ingeacha kununua fulana za ziada, ikaweka kivulini pipa moja la maji na kilo 20 za barafu chini ya gunia. Akianguka mtu, azamishwe mpaka shingoni, mmoja akimshikilia kichwa kwa kupitisha kitambaa chini ya makwapa, mwingine akikoroga maji, kwa dakika 10 hadi 15 au mpaka aanze kutetemeka na kurudiwa na akili. Gari la hospitali liitwe wakati huohuo, lakini apoozwe kwanza ndipo asafirishwe. Pasipokuwa na pipa, alazwe kivulini, afunikwe mwili mzima kwa mataulo yaliyochovywa katika maji ya barafu, yabadilishwe kila yanapopata joto, na watu wampepee.