Mwekezaji wa Ardhi na Nyumba Amwone Wakili Kabla ya Kulipa

Ununuzi wa kiwanja, nyumba au shamba ni uamuzi unaoweza kumaliza akiba ya miaka mingi kwa siku moja. Hata hivyo, wanunuzi wengi humtafuta wakili baada ya mgogoro kuzuka, wakati fedha zimekwishalipwa na muuzaji hapatikani. Wakati ufaao ni kabla ya kulipa hata malipo ya awali.

Sababu ya kwanza ni msingi wa sheria yenyewe. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na imewekwa chini ya udhamini wa Rais. Kinachouzwa ni haki ya kuimiliki na kuitumia kwa masharti. Anayenunua kiwanja cha makazi kwa lengo la kujenga ghala amenunua pia masharti ya makazi, na atalazimika kuomba mabadiliko ya matumizi kabla ya kuanza ujenzi.

Kwa ardhi iliyosajiliwa, hatua ya kwanza ni upekuzi rasmi katika Ofisi ya Msajili wa Hati. Upekuzi hubainisha mmiliki anayetambulika, na iwapo kuna rehani ya benki au zuio lililosajiliwa. Wakili huyalinganisha hayo na maelezo ya muuzaji, kisha huandaa mkataba wa maandishi, kwa kuwa makubaliano ya mdomo ya kuuza ardhi hayatoshi kisheria. Muhuri wa serikali ya mtaa, ambao wengi huutegemea, unaweza kusaidia kuthibitisha kuwa mauziano yalifanyika, lakini hauwezi kumpa muuzaji haki ambayo hakuwa nayo.

Ushauri unahitajika zaidi pale mali inapoigusa familia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Vivyo hivyo, mtoto wa marehemu hapati mamlaka ya kuuza nyumba ya urithi kwa sababu tu hati iko mikononi mwake. Mamlaka hayo ni ya msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mnunuzi asiyeuliza maswali haya anaweza kujikuta mahakamani dhidi ya mjane au warithi ambao hakuwahi kukutana nao.

Kwa asiye raia, tahadhari ni kubwa zaidi. Sheria inamruhusu kupata haki ya ardhi kwa madhumuni ya uwekezaji ulioidhinishwa, na kampuni ambayo wanahisa wake wengi si raia huhesabiwa kuwa si raia. Kuandikisha ardhi kwa jina la rafiki ili kukwepa sharti hilo humwacha mwekezaji bila kinga uhusiano unapovunjika.

Wanunuzi wa nyumba ndani ya maghorofa nao wana maswali yao. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inawezesha kila sehemu kuwa na hati yake. Kabla ya kulipia jengo ambalo halijakamilika, ni muhimu kujua kama kiwanja kina rehani, hati itatolewa lini, na gharama za maeneo ya pamoja zitagawanywaje.

Mnunuzi awe na wakili wake mwenyewe, si yule anayemwakilisha muuzaji. Kwa wasio na uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa kupata huduma hiyo bila malipo.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Muuzaji mwenye haki halisi hatakuwa na sababu ya kuogopa siku chache za uhakiki. Anayeshinikiza alipwe leo leo ametoa sababu tosha ya kumwona wakili kwanza.